Ngazi ya Alkhamisi Jioni

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona katika kurasa hizi, ulizozoea kusoma habari za masahaba na maimamu, habari ya kipindi cha nyimbo za Kizungu. Nakuomba usiufunge ukurasa. Mambo ya waliopita yamo katika yale tuliyoamrishwa kuyatazama na kuyazingatia, na hatukuambiwa tutazame ya watu wema peke yao. Firauni ametajwa katika Qur'ani mara nyingi, wala hakutajwa kwa kusifiwa. Kipindi nitakachokisimulia kilidumu miaka 42, kikatazamwa na mamilioni ya watu, na ndani yake yamo mafunzo ambayo, kwa maoni yangu, nyumba zetu za pwani zinayahitaji leo kuliko zilivyoyahitaji wakati huo.

Mas'ala ya ala za muziki wanavyuoni wameyazungumza na wamekhitilafiana, na vitabu vyao vipo. Leo sikukusudia kuingia humo. Nakusudia jambo jingine: nani hupandishwa juu, kwa kipimo gani, na nani hulipa gharama ya kupandishwa kwake.

KIPINDI KILIVYOANZA

Tarehe 1 Januari 1964, siku ya Jumatano, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilirusha kwa mara ya kwanza kipindi cha televisheni kilichoitwa Top of the Pops, yaani zile nyimbo zilizo kileleni kwa kupendwa. Kilipangwa kirushwe mara chache tu, kisha kitazamwe kama kinafaa kuendelea. Kiliendelea mpaka tarehe 30 Julai 2006, na vipindi vyake vikapita 2,200.

Hakikuanzia London bali katika mji wa Manchester, kwenye barabara iitwayo Dickenson Road, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Waumini wake walikuwa wameliacha, likageuzwa studio ya filamu mwaka 1947, kisha BBC ikalinunua katika miaka ya 1950. Penye safu za waliokuja kusali pakasimama vijana wakicheza, na penye mimbari pakawekwa kamera. Silisemi hili kwa kuwacheka Wakristo. Nalisema kwa kuwa nyumba ya ibada haifi kwa kuvunjwa na adui. Hufa kwa kukosa watu, na sisi nasi twaijua misikiti ambayo alfajiri haina safu moja iliyotimia.

Siku hiyo ya kwanza walikuwamo Rolling Stones na Dusty Springfield, na wimbo uliokuwa nambari moja ulikuwa wa Beatles. Mtangazaji aliyekifungua alikuwa Jimmy Savile, mtu wa maneno mengi, mwenye nywele nyeupe na mavazi ya ajabu ajabu. Lishike jina hilo, ndugu msomaji, kwa maana tutalirudia.

Baadaye kipindi kilihamia London, na siku yake ikawa Alkhamisi jioni. Kwa miaka mingi ikawa hivyo: Alkhamisi magharibi ikiingia, watoto wa Uingereza hukaa mbele ya televisheni pamoja na wazee wao. Katika miaka ya 1970 watazamaji walifika milioni 15, na mwaka 1979, televisheni ya washindani wao ilipokuwa katika mgomo, walifika milioni 19. Kwetu sisi Alkhamisi jioni ni usiku wa Ijumaa, usiku wa Yasin na wa kumsalia Mtume. Kila umma huwa na jioni yake ya kuwakusanya watoto, na ukitaka kujua mtoto atakuwa mtu gani, tazama jioni hiyo anakusanywa kwa jambo gani.

MIZANI YA KIPINDI

Siri ya kipindi haikuwa nyimbo, maana nyimbo zilisikika redioni kila siku. Siri yake ilikuwa ngazi. Kila juma nyimbo zilipangwa kwa idadi ya santuri zilizouzwa, na watu wakangoja kuona nani amepanda, nani ameshuka, na nani yuko kileleni. Wimbo wa nambari moja uliwekwa mwisho, ili mtazamaji asiondoke.

Kipindi kilikuwa na sheria zake, na moja katika hizo iliniingia moyoni nilipoisoma. Wimbo uliokuwa ukipanda ungeweza kuonyeshwa. Wimbo uliokuwa ukishuka haukuonyeshwa. Hata kama juma lililopita watu walikuwa wakiupigia makofi, ukianza kushuka mlango hufungwa. Hakuna aliyeuliza kama wimbo umekuwa mbaya. Ulikuwa ule ule, na aliyeuimba ni yule yule. Kilichobadilika ni hesabu.

Ewe msomaji, hii ndiyo sheria ya dunia nzima. Tajiri akipanda, mlango wake hauishi viatu vya wageni. Akianza kushuka, hata salamu hupungua. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul Hadid kwamba maisha ya dunia ni mchezo na pumbao, na pambo, na kufakharishana, na kushindana kwa wingi, kama mmea unaostawi ukawapendeza wakulima, kisha ukawa manjano, kisha ukawa makapi. Huko Uingereza mfano huo ulionekana kila juma kwa macho.

Tena hata mizani yenyewe haikuwa salama. Tangu mwaka 1969 kazi ya kuhesabu ilipewa kampuni ya uchunguzi wa biashara, nayo ilikusanya hesabu kutoka mamia ya maduka ya santuri, si maduka yote. Wenye tamaa walipoyajua maduka hayo, wakawatuma watu wakanunue humo, ili wimbo wao uonekane unapendwa. Wazazi walioamini kuwa wanatazama chaguo la taifa, mara nyingine walikuwa wakitazama chaguo la mfuko wa mtu. Sisi tunaosoma Suratul Mutaffifin twajua ukali wa onyo kwa wapunjao vipimo, na kipimo si cha mchele na unga peke yake. Anayedanganya watu juu ya kile kinachopendwa na wengi naye ameipunja mizani.

Na hata kuimba kwenyewe hakukuwa kuimba siku zote. Katika miaka ya mwanzo waimbaji walifungua vinywa tu, na sauti ikatoka katika santuri, na binti mmoja akaketi kando ya kinanda cha santuri kana kwamba yeye ndiye anayezipiga. Watu waliona midomo ikicheza wakadhani ndiyo inayotoa sauti. Mtu anaweza kuwa hivyo katika dini yake: kinywa kinatamka, na moyo haumo.

MTOTO WA UNGUJA

Siku kumi na moja baada ya kipindi hicho kuanza, yaani tarehe 12 Januari 1964, yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Miongoni mwa walioondoka kisiwani mwaka huo ni jamaa moja ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, ambao baba yao alikuwa karani wa serikali ya Waingereza. Mwana wao alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Alisomeshwa India, akarejea Unguja, kisha akahamia Uingereza na wazee wake akiwa kijana wa miaka 17.

Mwezi wa Februari 1974 kijana huyo alisimama mbele ya kamera za Top of the Pops pamoja na kundi lake, Queen. Jina lake alikuwa amelibadilisha, akaitwa Freddie Mercury. Mwishoni mwa mwaka 1975 wimbo wao uitwao Bohemian Rhapsody ulikaa nambari moja kwa majuma tisa, na kwa kuwa ulikuwa mgumu kuuimba jukwaani walitengeneza filamu fupi ipelekwe katika kipindi hicho. Ndani ya wimbo huo limo neno Bismillahi. Neno ambalo mtoto wa Malindi au Mkunazini hufundishwa kabla ya kushika kijiko, lilisikika Alkhamisi jioni katika nyumba za Waingereza ambao wengi wao hawakujua maana yake.

Wapo wanaofurahi kwa hilo na wapo wanaokasirika. Mimi nasema: jina la Mwenyezi Mungu halikuteremshwa liwe kiungo cha kukoleza pilau ya mtu. Lakini kabla hatujamlaumu asiyekuwa wa dini yetu, tujiulize sisi tunalitamka mara ngapi kwa siku hali moyo umeghafilika. Mtu huyo alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Leo wageni hupita mitaa ya Mji Mkongwe wakiulizia nyumba aliyozaliwa au kukaa. Wangapi huulizia nyumba za masheikh waliofundisha mitaa hiyo hiyo? Na sisi wenyewe tumewaonyesha watoto wetu ngapi katika hizo?

ALIYESHUKA KWA HIARI YAKE

Sasa nikusimulie habari ya mwingine aliyepanda ngazi ile ile. Alizaliwa London mwaka 1948, baba yake ni Mgiriki wa Cyprus na mama yake ni wa Sweden, na wazazi hao walikuwa na mkahawa. Jina lake Steven Georgiou. Akaimba kwa jina la Cat Stevens, na mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 18, wimbo wake Matthew and Son ulifika nambari mbili. Akaonekana katika Top of the Pops, na vijana wakamjua.

Haukupita muda mrefu akapatwa na kifua kikuu, akalala hospitali miezi. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza yanayoulizwa na kila mgonjwa aliye peke yake usiku. Akapona, akarudi, akapanda juu zaidi ya alipokuwa. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, alikuwa akiogelea katika bahari ya Malibu, Marekani, mkondo ukamchukua. Akamwomba Mungu, akaahidi kwamba akiokoka atamtumikia. Likaja wimbi likamsukuma mpaka pwani.

Sisi watu wa bahari twazijua nadhiri za namna hii. Nani katika wavuvi wetu hajapata kuiweka, na nani hajaisahau alipokanyaga mchanga? Qur'ani imewataja watu wa jahazi wanaomwomba Mungu kwa ikhlasi mawimbi yakiwazunguka, kisha akiwafikisha nchi kavu, wengine huyasahau waliyoyasema.

Huyu hakusahau. Nduguye alimletea zawadi ya tafsiri ya Qur'ani aliyoinunua Jerusalem. Akaisoma peke yake, na Sura iliyomgusa sana ni ya Nabii Yusuf, kijana aliyeuzwa kama bidhaa. Mwezi wa Desemba 1977 akatamka shahada katika Msikiti Mkuu wa London, na mwaka uliofuata akachukua jina la Yusuf Islam. Mwaka 1979 akaziuza ala zake kwa mnada na fedha akazitoa sadaka. Mwaka 1983 alifungua shule ya watoto wa Kiislamu London, na mwaka 1998, baada ya kuomba kwa miaka mingi, shule hiyo ikapewa msaada wa serikali kama walivyokuwa wakipewa Wakristo na Mayahudi.

Kwa ukamilifu wa habari, sitaficha kwamba baadaye alirudi kuimba na kushika gitaa, na mwaka 2006 akatoa santuri mpya. Wako waliomlaumu, naye ana hoja zake. Lakini tazama: katika ngazi ile ambayo kila mtu husukumwa mpaka aanguke, huyu aliteremka kwa miguu yake mwenyewe akiwa bado anatakiwa. Na nyimbo zake za mwaka 1967 zilishuka katika orodha majuma machache baadaye, bali shule yake mpaka leo watoto huingia asubuhi. Katika Suratur Raad tumepigiwa mfano wa povu la mafuriko: povu hupotea bure, na kile kinachowafaa watu ndicho kinachobaki katika ardhi.

KANDA ZILIZOFUTWA

Jambo jingine litakalokustaajabisha ni hili. Kanda za televisheni zilikuwa ghali, na wakubwa wa wakati huo hawakufikiri kuwa kuna atakayetaka kuvitazama vipindi hivyo tena. Basi kanda zilifutwa zikatumiwa upya. Vipindi vingi vya miaka kumi ya kwanza havipo. Kile cha kwanza kabisa hakipo. Beatles, kundi lililokuwa mashuhuri kuliko yote, liliingia studio ya kipindi hicho likaimba mara moja tu, mwezi wa Juni 1966, na kanda yake ikafutwa. Mwaka 2019 kilipopatikana kipande cha sekunde kumi na moja, bila sauti, alichokipiga mtu kwa kamera yake mbele ya televisheni ya nyumbani, ikawa habari ya magazeti.

Sisi tunaamini kuwa iko kanda isiyofutwa. Kila mmoja wetu ana waandishi wawili watukufu, Kiraman Katibin, wanaojua tunayoyatenda. Na katika ukumbi wa Top of the Pops yalikuwako mambo ambayo wenye kipindi walidhani yamefutika, kumbe yameandikwa katika nyoyo za waliotendwa.

TAA ZILIPOZIMWA

Kadiri miaka ilivyokwenda watazamaji walipungua. Zikaja stesheni za muziki usiku na mchana, ukaja mtandao wa kompyuta, na mwaka 2005 kipindi kikahamishiwa Jumapili. Mwishoni waliobaki walikuwa kama milioni moja tu. Tarehe 30 Julai 2006 kilirushwa kipindi cha mwisho. Akaitwa yule yule aliyekifungua mwaka 1964, Jimmy Savile, naye kwa mkono wake akazima taa za studio. Watu waliona ni heshima kwa mzee. Alikuwa amepewa cheo cha Sir mwaka 1990, na alijulikana kwa kukusanya fedha za hospitali. Alipofariki mwezi wa Oktoba 2011, maelfu walipita kulitazama jeneza lake.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2012, televisheni nyingine ilionyesha filamu ambamo wanawake walieleza alivyowadhulumu walipokuwa wasichana wadogo. Mlango ukafunguka. Ripoti ya polisi ya Januari 2013 ilieleza kuwa watu kama 450 walijitokeza kumlalamikia. Jiwe la kaburi lake liling'olewa kwa ombi la jamaa zake. Mwezi wa Februari 2016 jaji mstaafu, Janet Smith, alitoa ripoti yake juu ya BBC. Akahesabu watu 72 waliodhulumiwa na mtu huyo kwa kupitia kazi yake ya BBC, wakiwamo watoto, na baadhi yao kwa sababu ya Top of the Pops. Wasichana waliokuja kucheza ukumbini, wakitumaini waonekane na mama zao katika televisheni, waliingia penye mwindaji na mlango uko wazi.

Sheria ya umri ilikuwapo, lakini haikusimamiwa. Wafanyakazi kadhaa waliona au walisikia, wakaogopa kusema, kwa sababu nyota hakuguswa. Huyo anayeleta watazamaji milioni 15 nani atamwuliza? Mwaka 1971 msichana wa miaka 15 aliyekuwa akihudhuria ukumbini humo alijitoa uhai. Majuma machache kabla yake, mama yake alikuwa amekwenda kulalamika kwa wakubwa wa shirika juu ya yale aliyoyasoma katika daftari la mwanawe. Ripoti ya 2016 ilisema kwamba malalamiko yale hayakuchunguzwa inavyostahili, na kwamba wakubwa walishughulika zaidi na jina la shirika kuliko usalama wa wasichana.

Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji: jina la shirika kuliko usalama wa wasichana.

STARA NI YA NANI?

Ningeweza kuishia hapa, nikasema hayo ni ya Wazungu, ni matunda ya ngoma na kuchanganyika, nasi tumesalimika. Wasomaji wengi wangeniitikia. Lakini ningekuwa nimepunja mizani.

Mimi ni mwalimu wa chuo, na umri wangu umepita miaka 60. Zamani kidogo, nilipokuwa msaidizi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, alinijia mama mmoja baada ya sala ya alasiri. Akaniambia, "Maalim, mwanangu hataki tena kuja chuoni, na akisikia jina la mwalimu wake hulia." Nikamwambia, "Subiri, dada yangu. Usilitoe nje. Tutalitengeneza wenyewe kwa wenyewe." Nikawaeleza wazee wa chuo, nao wakasema neno zuri ambalo sote twalipenda: stara. Sikumwuliza yule mtoto neno hata moja. Mwalimu yule baadaye alihamia mji mwingine kwa salama, na barua ya kumsifu. Barua ile niliitia saini mimi.

Sijui alimfanya nini mtoto yule, na kutojua kwangu ndiko dhambi yangu, kwa sababu ningeweza kuuliza. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Tukikutana sokoni hunipa mkono, lakini haniangalii usoni.

Niliposoma habari za yule mama wa mwaka 1971, nilimkumbuka mama wa kwetu. Wale walikuwa wakilinda kipindi, nasi tulikuwa tukilinda chuo. Wao waliita jina jema la shirika, sisi tuliita stara. Mtoto alilipa huku na huku.

Ni kweli tumefundishwa kuwa mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Lakini wanavyuoni wamebainisha kuwa sitara hiyo ni ya mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Anayewadhuru watu, na khasa wanyonge, kumfunika yeye ni kumvua nguo aliyedhulumiwa. Mtume (S.A.W.) alituamrisha tumnusuru ndugu yetu akidhulumu na akidhulumiwa, na alipoulizwa vipi tumnusuru aliye dhalimu, akafahamisha kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Wala hakumtoa mwenye kilemba, au mwenye sauti nzuri ya kusoma, au mwenye kuleta michango mingi.

NGAZI ILIYO MFUKONI

Siku hizi hakuna haja ya kungoja Alkhamisi. Ngazi ile imo katika simu, na simu imo mkononi mwa mtoto. Hapandi mwimbaji peke yake. Mtoto mwenyewe hupanda, akihesabu wangapi wamemtazama na wangapi wamempenda, na akishuka hulala na huzuni. Zamani mwindaji alihitaji ukumbi, cheo na kamera za BBC. Leo anahitaji jina la uongo na picha ya uongo tu. Na hata baadhi ya wanaotusomea na kutuwaidhia wamekuwa nyota, huhesabiwa watazamaji kama santuri, na ukimhoji mmoja wao juu ya mwenendo wake mashabiki hukurarua.

Basi nausia mambo matatu. La kwanza, mzazi na ajue mtoto wake yuko ukumbi gani, uwe wa majengo au wa simu, na nani anaingia humo. La pili, mtoto akisema, asikilizwe kabla ya kuulizwa anayemsema ni mtu wa cheo gani. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga, na mchunga hamwulizi mbwa mwitu cheo chake. La tatu, wakuu wa vyuo na madrasa waweke milango wazi, mwalimu asikae faragha na mwanafunzi, na lalamiko likija liandikwe, lichunguzwe na watu wasio jamaa wa mwalimu, na penye jinai lifikishwe kwa wenye mamlaka. Chuo kitakachoharibika jina kwa kusema kweli, Mungu atakitengeneza. Chuo kitakacholinda jina kwa kumnyamazisha mtoto kimekwisha kuwa ukumbi kama ule, hata kama kuta zake zimeandikwa aya.

Tangu mwaka 2011 stesheni moja ya BBC imekuwa ikivirudia vile vipindi vya zamani vilivyosalia. Lakini vile alivyotangaza yule mtu haviwekwi. Alikuwa akionekana kuliko wote, na leo ndiye asiyeonyeshwa. Hiyo ni hukumu ya hapa duniani, nayo ilikuja amekwisha kufa, na wengi katika aliowadhulumu walikuwa wamezeeka wakingoja. Iko nyingine isiyochelewa wala kukosea, siku mizani itakapowekwa, ambayo haipimi makofi.

Ee Mola wetu, tusamehe yale tuliyoyanyamazia. Waponye wale waliovunjwa wakiwa wadogo, tuliowajua na tusiowajua. Wajaalie watoto wetu wawe amana mikononi mwa watu waaminifu, na utujaalie sisi tuwe katika hao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.